Mikono ya Kuibia Chumvi

Mama alikuwa akiniambia: mikono yako, Cikuru,
ni ya kuibia chumvi tu sokoni.
Na kweli, sijawahi kubeba mfuko wa saruji
ukafika juu ya ngazi za Kadutu.
Nikaishia kwenye cherehani.

Kopo tulimwita hivyo kwa kuwa tulimkuta
ndani ya kopo la maziwa, mtaroni, mwaka ule wa maporomoko.
Hata leo hajalizidi sana kopo lile.
Aliyempa mimba simjui. Kwa ukubwa wa tumbo
naona hakuwa wa kimo chake.

Saa mbili usiku akaanza kuchakura mabaki ya kitambaa,
vipande vya bluu vya sare za shule.
Saa nne akahema, akasukuma.
Saa sita bado anasukuma,
majimaji ya kijani yanachuruzika,
na mvua inapiga bati kama watu waliokuja kudai deni.

Daktari wa mifugo yuko Nguba, ng'ambo ya mji.
Simu yake iliita hadi ikachoka.

Akaja Bisimwa wa pikipiki, amelowa chapachapa,
aliyekulia kwenye ng'ombe wa Walungu.
Akachungulia, akapiga mluzi wa chini kwa chini.
"Anakuja kinyumenyume. Mguu ule.
Ndama ningemtoa mimi. Lakini huyu..."
akanionyesha kiganja chake, kipana kama sahani ya bugali.
Sote tukaitazama mikono yangu.

Akaja Nsimire, muuguzi, mpangaji wa chumba cha pili,
akaja kugomba:
"Kuna wanawake mtaa huu huu wanazalishwa bila glavu,
na ninyi mnataka za mbwa? Hizi zimehesabiwa."
Hakuna aliyemjibu. Alisema kweli.
Akasimama mlangoni hadi mvua ikamlowesha visigino,
kisha akatoa moja mfukoni, moja tu,
akawasha taa ya simu, akachuchumaa.

Mafuta tuliyokuwa nayo ni mawese ya mboga.
Basi mkono wangu ukawa mwekundu kabla ya damu.

Usivute, akasema Bisimwa. Mngoje.
Akisukuma, nenda naye. Akipumzika, pumzika.
Elekeza chini, kama maji yanavyoshuka ziwani.
Vidole viwili. Joto. Utelezi.
Mguu mwembamba kama kijiti cha kiberiti,
nikaushika kwa kipande cha sare.
Kopo akanigeukia, meno wazi,
akayaweka kwenye mkono wangu wa kushoto, hapa, juu ya kifundo,
wala hakuuma. Aliyaacha hapo tu,
kama mtu anayeshika ukingo wa ngazi.

Nimeshona magauni ya harusi yenye shanga mia tatu.
Sijawahi kukisikiliza kidole changu vile.

Wa kwanza alitoka amekufa.
Nilimsugua, nikampulizia puani, nikamsugua tena.
Nsimire akanishika bega. Inatosha. Kuna mwingine nyuma.

Wa pili akatoka ndani ya mfuko wake, umefungwa kote.
Nikaupasua kwa ukucha. Nikafunga kitovu
kwa uzi mweusi, ndio uliokuwa kwenye cherehani.
Nikamsugua hadi nikazionea aibu nguvu zangu.
Kimya. Mvua. Simu ikalia kwamba chaji inaisha.
Kisha sauti, au tuseme si sauti: mlango wa kabati
unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenzake.

Wa tatu na wa nne Kopo aliwatoa mwenyewe,
bila hata kututazama.

Alfajiri nilichimba nyuma ya choo.
Udongo wa Kadutu hushuka na kila mvua,
kwa hiyo nikaweka jiwe.
Bisimwa alikwisha kwenda kutafuta abiria wa mapema wa Panzi.
Nsimire aliiosha ile glavu kwa sabuni,
ndani na nje, akaipuliza ikasimama vidole vitano,
akaianika kwenye kamba, katikati ya sare.
Hakusema ataitumia wapi. Sikuuliza.

Mpaka leo nikipika sombe, nikimimina mawese,
hukitazama kidogo kiganja changu.
Chumvi naweka ya kununua.