Sufu Ndani ya Chupa

Mwalimu Zhyldyz alinitambulisha kwa vyeo vyangu vyote.
Kufikia cha mwisho watoto walishachoka,
wanatikisa viti, wanachungulia begi langu.
Basi hotuba nikaiacha. Nikatoa chupa.

"Hiki," nikasema, "ni kinyesi cha chui wa theluji."
Kimya.
Kisha huko nyuma, karibu na jiko la makaa,
sauti moja ikafafanua: "Mavi!"
na darasa zima la pili, hapa At-Bashi,
likaangua kicheko hadi vioo vya madirisha vikalia.

Nikacheka nao. Ndiyo, mavi.
Miaka kumi na mmoja nayasaka
juu ya miamba ambako hata mbuzi husita,
nayachambua kwa kibanio kama mtu na mchele wake.
Mwenye nayo nimemwona mara mbili tu,
na ile ya pili huenda lilikuwa jiwe.

Wakapokezana kioo cha kukuzia, pua zikigusa chupa:
mfupa wa panya wa milimani,
unyoya wa kware,
singa za mbuzi-mwitu, ngumu kama brashi.
"Tumbo halifichi siri," nikawaambia,
nikajiona hodari wa kusema.

Ulukman, miaka saba,
mikono ya sweta la kaka yake imemfunika vidole:
"Na hii nyeupe?"
"Sufu. Ya kondoo."
"Kondoo wa nani?"

Sijawahi kuulizwa hivyo.
Wafadhili huuliza wangapi. Maprofesa huuliza umehesabu vipi.
Daftari langu linasema: mifugo, asilimia tisa.

"Uliokota wapi?"
"Bonde la juu, kule kwenye daraja lililovunjika. Mwezi wa pili."
Akavitoa vidole ndani ya sweta, akahesabu, akarudia.
"Ni wetu," akasema. "Mama yake alimkataa.
Mimi ndiye niliyemnyonyesha. Kwa chupa."

Hakuna aliyecheka. Makaa yakaporomoka jikoni.
Nilikuwa na maneno tayari, ya kila siku,
kuhusu mlima na haki ya kila kiumbe kula;
nikayatafuta mdomoni, nikakuta mate.

Nikafungua kifuniko, jambo ambalo kanuni zinakataza,
nikatoa unyuzi mmoja wa sufu
nikauweka kwenye kiganja chake.
Akaugeuza dirishani, kwenye mwanga wa theluji,
kwa makini ambayo wanafunzi wangu wa chuo hawana.
"Huu wa mgongoni," akasema. "Sikio lake lilikuwa jeusi."

Kisha: "Huyo chui ana watoto?"
"Wawili. Nadhani wawili."
Akafumba kiganja. Hakusema amesamehe,
wala mimi sikumwomba.
Alisogea tu hadi kwenye daftari langu,
akaweka kidole chini ya ile tisa.
"Andika jina lake hapa."

Nikaandika anavyonitajia, herufi kwa herufi:
T, U, M, A,
na hapo akakwama,
akageuka kumuuliza jirani yake.
Kalamu yangu ikabaki hewani, ikingoja.