Safu ya Sababu

Paroko mpya aliichora mwenyewe kwa rula:
namba, jina, jumuiya, na pembeni kabisa
safu ya sababu, upana wa vidole viwili.
"Zunguka, katibu. Kila aliyeacha kusali, andika kwa nini."
Nikafunga daftari kwenye keria kwa mpira wa baiskeli
nikashika njia ya Sikonge, mchanga ukining'ang'ania magurudumu
kama mtu anayetaka kwanza tuongee.

Kalisti Msabila nilimkuta juu ya bani, anaezeka upya.
Hakushuka. Alisema na misumari mdomoni:
"Tumbaku yangu waliitia daraja la mwisho.
Jumapili ile mkasoma majina ya wasiotoa zaka,
mimi wa tatu,
mke wangu kando yangu na gauni la kuazima.
Mungu bei ya soko anaijua. Nyie hamkuuliza."
Nikaandika: uchumi.

Kwa Romana mlango ulifunguka nusu.
Alisema ni mguu. Nikaandika: mguu.
Ndio huohuo alioutumia kuusukuma mlango ufungwe.

Felista nilimpita. Sababu yake naijua,
alitolewa kwaya tumbo lilipoonekana.
Mwenye tumbo bado anaimba besi, mstari wa nyuma,
na sauti yake, nakiri, ni nzuri.

Lusangija alikuwa anatundua mizinga.
"Sikuacha kwa hasira," akasema.
"Jumapili moja mvua. Ya pili nikalala.
Ya tatu nikasubiri nione kama dhambi inauma.
Haikuuma.
Ni kama mzinga huu, nyuki wamehama,"
akaugonga kwa kisigino cha panga, "unasikia?
Mti mtupu.
Hilo nalo utaliandikaje?"
Sikuliandika.

Jua linaelemea nikafika kwa Gaudensia Kalunde,
nyumba ya mwisho kabla ya pori.
Alikuwa anaanika michembe juu ya mwamba, kipande kimoja kimoja.
Akanipa kigoda, akanipa maji,
akauliza wanangu, akauliza goti langu.
Nikafungua daftari.
"Kumbe mmeniona," akasema.

"Niliacha tangu Majilio, baada ya kumzika baba Mhoja.
Sikuwa na neno na mtu.
Nilitaka tu nione ni Jumapili ya ngapi mtu atabisha hodi.
Kila wiki natupia punje ya hindi kwenye kopo.
Juzi nikazikaanga.
Zilijaa kiganja kimoja."

Nikafunua kurasa za nyuma nimwonyeshe amekosea.
Majilio: yupo.
Epifania: yupo.
Jumatano ya Majivu, Matawi, Pasaka yenyewe:
yupo, yupo, yupo,
vema zangu zote zimelalia upande mmoja,
nimezipiga kama mtu anayefukuza nzi.
Benchi la nne, kando ya dirisha lisilo na kioo.
Miezi tisa nimeupigia vema upepo.

Hakunicheka. Hakunilaumu pia,
na hapo ndipo palipouma.
Alinifungia michembe kwenye gazeti,
"Wapelekee watoto, wataitafuna njiani kwenda shule,"
akarudi kwenye mwamba wake kugeuza vilivyokauka upande mmoja.

Usiku nimekaa na tochi ya simu.
Mke wangu anauliza naandika nini, namwambia hesabu.
Msabila: uchumi. Romana: mguu. Paroko atafurahi,
mambo yanayoandikika kwa neno moja hupata semina.
Lusangija nimemwachia nafasi wazi, nyeupe, kama ndani ya mzinga.

Kisha jina lake. Kisha jumuiya yake.
Mkono ulitaka kuandika *amelegea*,
neno tulilozoea, linaenea vizuri.
Nikauzuia.
Nikaanza: aliondoka, hatukumwona,
lakini safu ni ya vidole viwili
na kalamu ilifika ukingoni kabla yangu.
Kesho paroko atasoma kilichoenea:

*aliondoka, hatuku*