Kusoma Ubavu

Duara ni duara, alisema don Evaristo Colque,
akalipiga tairi teke kama mtu anayenunua punda.
Nipe la bei ya chini, Ercilia.
Upepo wa Calama ulikuwa unatujaza mchanga menoni,
na vumbi la shaba limeshaingia hadi kwenye chai.

Nikamwambia: inama, usome ubavu.
Akainama. Hakuwa mtu wa kusoma sana;
alijua sahihi yake na bei ya mawe.

23.5R25.
Hii ya mbele ni upana, inchi ishirini na tatu na nusu,
kifua cha tairi, bega hadi bega.
Ya nyuma ni ringi. Chuma chako ni ishirini na tano,
hukivishi kiatu cha jirani.
Na hiyo R katikati ni nyuzi
zinazokatiza moja kwa moja, ukingo hadi ukingo.
Ukikuta kistari mahali pake,
ujue zimesukwa mshazari, kama ukili.

Na hii?
Alikuwa ameweka kidole juu ya L.

L ni ya kupakia. E ingekuwa ya kubeba,
G ya greda, C ya kushindilia barabara.
Namba inayofuata ndiyo kashata:
tatu ni kina cha kawaida cha mwamba,
nne ni hicho na nusu yake,
tano ni mara mbili na nusu,
nyama nene, ya kula mawe kabla mawe hayajaila.
Machimbo yako ni wembe mtupu. Chukua L-5.

Akauliza bei. Nikaitaja.
Akacheka hadi kofia ikaanguka.
Akachukua L-3, manne,
akalipa kwa noti zilizonuka majani ya koka.

Siku kumi na moja.
Nilikikuta kijiko kimepiga goti chini ya mwamba,
nyaya zikichungulia kutoka kwenye jeraha.
Sikusema neno. Ukimya nao una bei;
aliilipa siku ile ile.

Ningependa kuishia hapo,
mimi nikiwa nimeshinda.

Lakini Agosti ikaja, na sikukuu ya mtakatifu wa kijiji chao.
Mzee akakipamba kijiko kwa karatasi za rangi,
akaipakia bendi nzima kwenye bakuli la chuma,
tarumbeta, ngoma kubwa, mpigaji matoazi mwenye kikohozi,
akashika lami: kilomita arobaini na mbili
bila kupumzika, jua la utosi.
Saa tisa simu ikalia.
Tairi linanuka, Ercilia.
Linanuka vipi?
Kama nywele zinazoungua.

Sikuwa nimemwambia. Hilo ni langu.
Mpira mnene hautoi joto upesi.
L-5 ni mfanyakazi wa palepale,
hatua ishirini mbele, ishirini nyuma;
atatafuna mlima, ila safari hataki.
Nilimfundisha mzee herufi
nikaisahau sentensi.

Bendi nilikuta imejipumzisha kivulini mwa tairi lenyewe.
Ondokeni hapo! Mbali! Zaidi!
Msilimwagie maji, msilitoe upepo,
mtu asilisogelee.
Wakaenda na ngoma zao hadi kwenye vichaka vya miiba,
na kwa kuwa mtakatifu hangoji,
wakaanza kupiga huko huko.

Tukachuchumaa, mimi na yeye, tukilitazama likipoa.
Alichora vumbini kwa kidole L,
kisha E, kubwa zaidi, imepinda kidogo.
Ipi kati ya hizi inaenda sherehe?
Nikamwonyesha. Akaizungushia duara.

Lile L-3 lililochanika
alilikata katikati, akalilaza uani.
Llama wake wanakunywa humo asubuhi,
barafu nyembamba ikivunjika kwenye midomo yao.
Ubavuni, juu kidogo ya ardhi,
maandishi bado yanasomeka yote.
Lenyewe lilisema kweli tangu siku ya kwanza.