Zamu

Usiku wa kwanza nilimimina vyote kiganjani:
tone la retinoli, manjano kama kiini cha yai la kienyeji,
asidi inayonuka siki iliyosahauliwa,
vitamini C iliyonigharimu bei ya viatu vya shule.
Nikakoroga kwa kidole.
Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na haraka.

Siku ya tatu uso uliniwaka
kama wa mtu anayechungulia karai la mandazi.
Siku ya tano ukabambuka kandokando ya pua,
magamba yakadondokea daftari la mahudhurio
na darasa zima la sita likataka kujua:
Mwalimu, ulianguka wapi?

Duka la dawa la Buruburu, chini ya kinyozi.
Nafuna alinitazama bila miwani,
kisha akaivaa.
"Umepaka nini?"
Nikataja.
"Huo ni mkorogo, mama."

Neno hilo
lilimfufua Shangazi Kavindu, likamketisha
kwenye kiti cha plastiki karibu na mizani:
uso wa papai, vifundo vya vidole vyeusi tii,
maana vifundo vilikataa kudanganywa.
Alikuwa na kopo la Kimbo chini ya kitanda.
Humo alikorogea sabuni, krimu,
na kitu cha chupa isiyo na jina.
Tulipomwosha mara ya mwisho
ngozi yake ilikuwa ganda la kitunguu.

"Mimi sitaki weupe," nikajitetea.
"Mimi nasoma lebo.
Nataka tu mistari hii isinitangulie kuingia mlangoni."

"Hata waliokorogea kwenye makopo," akasema Nafuna,
"walikuwa na sababu."

Akachana kipande cha risiti, akaandika.
Kwanza wiki tatu za mafuta ya mgando, usiguse kingine.
Halafu: asubuhi vitamini C na kinga ya jua,
hata Julai, jiji likijifunika blanketi lake la kijivu.
Usiku retinoli, punje ya dengu,
uso ukishakauka, mara mbili kwa wiki.
Asidi, usiku wake peke yake.
Na huyu niasinamidi ni mpole, hukaa na wote.
"Wake wenza hawa. Si lazima wachukiane.
Kila mmoja apewe usiku wake."

Leo Jumanne. Mgao wa maji umetufikia,
bomba linakohoa kutu kabla ya kusema kweli.
Nimepanga ndoo.
Chupa ziko rafuni, zimefunga vifuniko,
na mimi nina uso mtupu mbele ya kioo,
mistari mitatu kando ya jicho la kushoto.
Ule wa kati naujua.
Shangazi alikuwa nao akicheka,
zamani, kabla ya kopo.

Sijui nitaufanya nini.
Ndoo ya pili imejaa. Nasogeza ya tatu.