Miguu Miwili Ndani ya Chaki

Saa kumi kasorobo usiku, ghala la mbolea, Nakuru.
Upepo wa Menengai umeshuka bila hodi,
unanipekua mifuko kama askari jela.
Nina rungu, tochi, chupa ya chai,
na bando la shilingi hamsini
nililoliwekea akiba tangu Alhamisi.

Huko kwao bado ni Jumapili.
Huku Jumatatu imeshaanza kunidai.

Sikuzaliwa na mchezo huu.
Kwetu Chwele mpira ni wa duara na hupigwa kwa mguu.
Huu wao una ncha mbili kama kiazi kitamu,
wanaukumbatia, wanaanguka nao,
kisha wanapimiana uwanja kwa mnyororo
kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu.
Hapo ndipo niliponasa. Mnyororo ule.
Nikasema: hawa ni watu wa haki, wanapima hadi inchi.

Dada yangu Nanjala huosha wazee huko Ohayo.
Alinitumia jezi ya chungwa, namba hamsini na nne.
Naivaa chini ya sare ya kampuni
wala hajui mtu, hata Jerotich anayenipokea zamu.

Sekunde tisa zimebaki.
Mrefu wetu anaruka, pembeni kabisa,
anauchuma mpira kama mtu anayeiba parachichi la jirani.
Mguu wa kulia: ndani.
Wa kushoto, vidole tu: ndani!
Nimeona. Nyasi zimeona.
Nimepiga ukelele hadi mbwa wa kiwanda cha pili akanijibu.

Refa, shati la punda milia,
anafyeka hewa kwa mikono miwili. Hapana.

Wakaenda kwenye marudio.
Polepole. Polepole zaidi.
Kidole gumba kinashuka kama jani,
kinagusa kijani, na chaki iko pale, nyeupe, haijachafuka.
Mara sita, nilihesabu.
Kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka kwenye simu,
kikazunguka,
kikazunguka,
bando likaisha.

Nikabaki na mguu hewani, haujatua.

Saa kumi kamili ujumbe wa Nanjala ukaingia:
Wametunyima. Wanasema mpira ulitikisika.

Ulitikisika!
Nani haanguki akatikisika?

Nilitaka kumwambia mtu. Nani?
Magunia elfu mbili yamelala yakinipa mgongo.
Utamlalamikia nani mchezo ambao mji mzima hauujui?
Hasira ya mtu mmoja ni kuni moja,
haiivishi kitu, inatoa moshi tu.

Nami nina marudio yangu.
Februari Bwana Gichuhi aliniita ofisini
akanionyesha kamera ya lango:
mimi, kichwa kimeinama, dakika nne.
Nilikuwa nafunga kamba ya buti, ile inayokatikakatika.
Akairudisha nyuma. Akatazama tena.
Tazama mkono, nikamwambia, kamba hiyo inaonekana.
Akasema, kichwa kiliinama.
Elfu moja na mia mbili, mshahara wa mwezi ule.

Kwa hiyo usiniambie kwamba tatizo ni jicho.
Jicho wanalo, la kioo, halisinzii.

Saa kumi na mbili Jerotich akafika,
skafu hadi puani.
"Usiku ulikuwaje?"
Nikafungua kitabu cha matukio.
Miaka saba, kila asubuhi, nimeandika neno lile lile: Shwari.
Kalamu ikagoma kidogo, wino una baridi.
Nikaandika:
Saa 9.52. Miguu yote miwili ilikuwa ndani.
Nikatia sahihi, namba ya kazi, tarehe.

Akasoma. Akatazama lango. Akatazama seng'enge.
"Ya nani?"
Nikafunga zipu ya koti juu ya lile chungwa.
"Ya mtu wetu," nikasema, "lakini watakataa."

Akachukua tochi, ingawa kumeshakucha,
akaenda kutafuta nyayo.