Chini ya Sahani

Tulipohamisha kabati la shangazi Nyafwono
tukakuta, chini ya sahani za bati,
Tororo ya mwaka hamsini na saba,
imekatwa kwa mkasi ili ienee kwenye rafu.

Moja kwa elfu hamsini. Futi, si mita.
Mwamba umechorwa kwa mistari ya kahawia
iliyobanana hata wino umekosa pumzi;
kisha nchi inalegea, mistari inaachana
kama watu waliotoka mazishini, kila mmoja na njia yake,
mpaka kwenye mafunjo, buluu, vijistari vifupi vifupi.

Kiwanda cha saruji kina herufi kubwa.
Reli ina meno.
Nyumba za watu ni nukta,
ndogo kuliko ufuta, bila jina.

"Hapa," akaweka kidole, na miwani hana.
"Obbo alishika mnyororo wa wapimaji miezi mitatu,
shilingi mbili kwa siku na posho ya unga.
Mzungu akichungulia darubini, mume wangu akichungulia nyoka.
Jioni akaniambia: leo tumekipima Kilima cha Kunde."

Kilima cha Kunde kipo: duara tatu
na tarakimu, 4012.
Nikatazama nje ya dirisha.
Upande ule kuna shimo,
na maji ya kijani ambayo watoto wamekatazwa kuogelea
na wanaogelea.
Kilisagwa, kikachomwa, kikatiwa magunia,
kikapanda lori. Kipande kimesimama Mbale, ni benki.
Kingine ni sakafu hii, hapa, chini ya kabati.

Lakini kule kusini, karibu na pembe,
kuna duara pana, la kahawia, safi,
lisilo na tarakimu.
Nikauliza, huu nao ni mlima gani?
Shangazi akacheka hadi akashika kiuno.
"Hicho ni kikombe cha Obbo.
Hakujua kumimina chai isimwagike."

Nilitaka kuichukua, nikaitie kioo.
Nikasema neno "kumbukumbu," nikajisikia mjinga.
Yeye akainyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili,
kutoka relini hadi kwenye chai,
akaanza kurudisha sahani:
ile kubwa juu ya kilima,
ile iliyochubuka ukingoni juu ya nukta yao.

"Nisogezee na vikombe," akasema.