Kwa Profesa Oyarzún, Kuhusu Tope

Profesa, ile ripoti uliyoipa sita na nusu kwa saba
sikuiandika mimi.
Pengine unajua. Pengine hujui.
Mvua ya Valdivia ina siku ya kumi na moja leo,
nguo hazikauki, na hili nalo limekataa kukauka.

Nilikuwepo siku ile. Jina langu limo orodhani:
Rayén Catrilef, buti za kuazima, saizi mbili zaidi.
Tuliingia kinamasini maji yalipokupwa,
Ignacio akazama hadi magotini,
tukamng'oa kama jino bovu, huku anacheka.
Nikajaza chupa yangu tope jeusi,
nikaandika tarehe kwa wino usiofutika.

Usiku nikaosha vyombo mgahawani mpaka saa saba.
Nikarudi na vidole vimekunjana kama zabibu kavu,
ripoti inatakiwa saa mbili asubuhi.
Nikaiuliza akili mnemba.
Haikusonya, haikupiga mwayo.
Kurasa nne, kabla maji ya chai hayajachemka:
utangulizi, mbinu, matokeo, kila kitu mahali pake,
kama meza iliyoandaliwa wageni wasiokuja.

Iliandika: "Sampuli ilikuwa ya rangi ya kahawia,
yenye unyevunyevu wa wastani."
Wa wastani, Profesa!
Ignacio alipoteza kiatu.

Nikaona Kihispania chake kimenyooka kuliko changu.
Nikatuma. Nikalala.

Kisha yakaja maoni yako:
"Kazi nzuri. Hoja zimepangwa vyema. Endelea kuimarisha uchambuzi."
Nikatazama ya Ignacio: hayo hayo.
Ya Millaray: hayo hayo, nukta kwa nukta.
Nikacheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikatikia.
Mashine imeandika, mashine imesoma,
mimi nawe tumebaki matarishi
wa barua isiyotuhusu.

Sikulaumu. Nasikia unafundisha vyuo vitatu
na chakula chako cha mchana ni mkate ndani ya basi.
Nyani haoni kundule; mimi langu nimeliona,
ndiyo maana nakuandikia kwa mkono,
na makosa yangu yote ya tahajia.

Ila chupa bado imo kwenye friji,
kati ya maziwa na jibini ya mwenzangu anayelalamika.
Jana niliifungua.
Yai viza. Kutu. Kiberiti kilichozimwa sasa hivi.
Na kitu kingine, chini kabisa,
ambacho bado nakitafutia jina.
Niliiuliza ile akili, ikanipa maneno kumi na mawili,
yote mazuri, hakuna lililonuka.

Sikuombi msamaha.
Alhamisi, saa zako za ofisi, nitaleta chupa.
Wewe njoo na pua.
Alama ikishuka, ishuke,
lakini kwanza niulize kwa mdomo wako mwenyewe
nilinusa nini.

Huenda nikachelewa kidogo.
Zile buti sijamrudishia mwenyewe.